Maziwa Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Andika tarehe kwanza, Violeth, halafu andika hivi. Mimi ni Gaudensia, mke wa Qamara, wa Masakta. Sikukaa darasani hata siku moja, baba yangu alisema ng'ombe hawajichungi wenyewe. Kwa hiyo maneno ni yangu, mkono ni wa mjukuu wangu Violeth, mtoto wa mwanangu Hhando. Violeth nimemlea mimi tangu hana meno.

Leo nimetoka na Violeth kliniki, na mimba yake. Nesi amesema kondo la nyuma limekaa mlangoni, mbele ya kichwa. Hatazaa kwa njia ya kawaida. Atapasuliwa hospitali Katesh, Jumanne baada ya Pasaka. Mpaka siku hiyo asichote maji, asishike jembe, alale. Kisha nesi akaninyooshea kidole mimi, mtu mzima, kama mimi ndiye mwenye mimba. "Na siku ya kumleta, bibi, asirushwerushwe njiani. Akirushwa damu itafunguka, na damu hiyo haimsubiri mtu."

Zamani ningempeleka leo leo akae Jorodom, kule Katesh, kwa mdogo wangu Verediana, angetembea kwa miguu mpaka hospitali. Lakini nyumba ya Verediana ilikwenda na tope la mlima, naye sasa anakaa Babati kwa mtoto wake.

Kumlaza huyu mjukuu ni kazi. Nageuka tu, kashika ufagio. Ndiyo maana nimenunua daftari. Nimemwambia nataka masika yangu yote yaandikwe, na mwandishi haandiki amesimama. Anacheka. Acha acheke, mradi amelala.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Tumeanza kufunga. Mvua bado, mawingu yamekaa juu ya Hanang yanatuangalia.

Alhamisi, 6 Machi

Gerald, mume wa Violeth, yuko Mererani mgodini, amepiga simu leo. Atume bodaboda, anasema. Bodaboda! Sitaki hata kusikia. Gari za Noah za senta nazo zina matumbo ya chini, mvua ikishika haziji huku. Linabaki gari la mzee, Pijo.

Hilo Pijo Qamara alilinunua kwa padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao, miaka Hhando anabatizwa. Tangu hapo analipenda kuliko mimi, na mimi sisemi hivyo kwa wivu, nasema kwa kuwa nimeona. Ng'ombe akiugua anasema kesho. Pijo likikohoa anavaa koti.

Leo nimelipima mwenyewe. Nimechukua sufuria ya maziwa, nimekaa kiti cha nyuma, nimeipakata pale tumbo la Violeth litakapokaa. Nikamwambia mzee twende mpaka korongoni na kurudi. Kila shimo, mbele kunapiga go! go! go! kama mtu amefungiwa ndani anataka kutoka. Tumerudi sufuria tupu, mimi nimeloa maziwa mpaka kwenye viatu. Mbwa wamenilamba njia nzima ya kutoka uani mpaka mlangoni.

"Umeona?" nikamwuliza.

"Nimeona," akasema. Akafuta kiti kwanza. Mimi baadaye.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi Lukasi wa senta amelala chini ya gari asubuhi nzima. Akanionyesha. Juu ya ile shokapu ya mbele, pale inaposhikana na bodi, kuna kikombe cha chuma kilichojazwa mpira. Wao wanaita mauntingi. Kiko kimoja kila upande. Mpira wake umekauka, umepasuka, ukiugusa unatoka unga. Chuma kinagonga chuma.

"Weka vingine," nikasema.

"Bibi, havitengenezwi tena. Gari hili kiwandani wameshalisahau."

Qamara akasema kutakuwa na orijino mahali fulani. Yeye kitu kisicho orijino hakiingii kwenye Pijo lake. Nikamwambia hata mke wake si orijino, meno mawili hana. Lukasi akarudi chini ya gari kucheka.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Kidogo, ya kulowesha vumbi.

Leo nimempigia mwenyewe Abdulrahmani, mwenye duka la spea Katesh. Babu yake alikuja kufanya biashara hapa kabla sijaolewa, namjua tangu anabebwa. Nimemweleza kila kitu vizuri. Amesema atatafuta.

Jumapili, 16 Machi

Katekista Modest amesoma majina ya wazee kumi na wawili watakaooshwa miguu na padre Alhamisi Kuu. Qamara yumo. Hakugeuza uso, lakini nilimwona masikio yamesogea. Njia nzima anatembea kama mtu aliyepewa cheo.

Nimemwambia siku hiyo avae viatu. Hapana, atakwenda na katambuga, zile ndara zake. Hizo katambuga ni za mpira wa mkanda wa kombaini, tangu alipokuwa dereva kwenye mashamba ya ngano. Siku alipoacha kazi alipewa kipande cha mkanda kama shukrani, akampa Mmang'ati mmoja gulioni amshonee, soli mbili mbili. Ni nene kama mkate. Miaka thelathini! Nikisikia nyayo zake uani najua ni yeye, hata nikiwa jikoni na moshi.

Alhamisi, 20 Machi

Mahindi yameota. Violeth amelala. Akiinuka nitamfunga kamba kama ndama.

Jumamosi, 22 Machi

Abdulrahmani ametuma mzigo. Lukasi amefungua, ameangalia, amekuna kichwa. Ni raba za shokapu za nyuma!

Nimekasirika mpaka nimesahau nilikuwa napika nini. Nilimwambia za mbele. Mtu nimemwona anatambaa, leo ananiletea za nyuma, wakati mjukuu wangu siku zinahesabika. Nimemwambia Lukasi amrudishie na salamu zangu asimpe.

Violeth anataka kusema kitu. Nimemwambia aandike tu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Qamara amekwenda Katesh kwa miguu mpaka barabara kubwa, amerudi na udongo mpaka magotini. Orijino hakuna. Anasema labda Arusha. Mimi nasema mzee huyu atatuulia mtoto kwa neno orijino. Nimemwambia hivyo hivyo usoni. Amekwenda kukaa ndani ya gari mvua ikinyesha, mlango umefungwa.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimeaibika, na nataka iandikwe.

Nilikuwa namsema Abdulrahmani tena, Violeth akaweka kalamu chini. "Bibi, siku ile hukumwambia za mbele."

"Nilimwambia."

"Hukumwambia. Nilikuwa nimelala hapa nasikia. Alikupa shikamoo, ukaitikia. Ukamwuliza habari za mama yake, Shamsia. Ukamwuliza mguu wa mama yake. Ukamwuliza mfungo unamwendeaje, ukamwambia na sisi tumefunga. Ukamwuliza mvua ya Katesh. Ukauliza ng'ombe."

"Ana ng'ombe watatu. Ningeachaje?"

"Ukauliza watoto mmoja mmoja. Ulipofika kwa wale mapacha nikasikia anasema, 'Mama, unataka za mbele au za nyuma?' Ukasema, 'Nataka za...' Vocha ikaisha."

Ni kweli. Nakumbuka sasa simu ilinyamaza, nikadhani yeye amemaliza na ameelewa.

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ulisema niandike tu."

Nimewahi kutukana watu wengi na wengi walistahili. Huyu hakustahili. Alipeleka za nyuma kwa sababu watu wengi hupakia mizigo, za nyuma ndizo zinazokufa. Alitumia akili pale nilipomnyima maneno.

Jumatano, 2 Aprili

Abdulrahmani mwenyewe amekuja, siku ya tatu ya Idi, pikipiki imemwagiwa tope mpaka kwenye taa. Mkononi kafungasha maandazi ya mama yake Shamsia. Akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi ndiye niliyekosea. Nilikula vocha yote kwa salamu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, nilijua. Lakini ningekukatizaje? Ulikuwa unauliza mguu wa mama. Wiki nzima hakuna mteja aliyeuliza mguu wa mama."

Kisha akakaa na Qamara kibarazani, akamweleza taratibu, mkono wake juu ya goti la mzee. Amepiga Arusha. Amepiga Dar. Amepiga mpaka Nairobi kwa Wahindi wa magari ya zamani. "Mzee wangu, hazipo. Si kwamba zimefichwa. Kiwanda kimeacha. Hata wenyewe hawana." Akatoa mfukoni beringi mbili, za gari lingine, zenye kipimo kile kile. "Hizi zitakaa ndani ya vikombe vyako. Mpira tafuteni hapa hapa."

Qamara alizishika hizo beringi muda mrefu. Nilimwona amezeeka pale pale kibarazani. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Jumapili, 6 Aprili

Lukasi amechoma mpira mbovu ukatoka kwenye vikombe, amekata duara za tairi la trekta, amezishindilia. Nimepanda na sufuria yangu. Afadhali lile go! go! Tairi ni gumu, lina nyaya ndani. Gari limeturusha kama punda aliyeumwa na nyigu. Maziwa yote chini tena, na jino langu la tatu linacheza.

"Mpira mlaini, bibi," Lukasi anasema. "Mlaini lakini usiokubali kukatika. Wenye kitambaa ndani. Sijui nitautoa wapi."

Qamara alikuwa amesimama pembeni. Akaondoka, nikasikia nyayo zake mpaka barabarani.

Jumanne, 8 Aprili

Andika: mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Mchana mzee amerudi kutoka senta na sikusikia nyayo. Nimegeuka, huyu hapa nyuma yangu, miguu mitupu kwenye tope.

"Umeibiwa?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Umelewa Kwaresima?"

"Hapana."

"Katambuga ziko wapi, Baba Hhando?"

"Ziko kwenye gari."

Mimi nikatoka mpaka uani kuziangalia kwenye gari. Nimefungua mbele, nimefungua nyuma, nimepapasa chini ya viti. Hakuna. Nikarudi nimeshika kiuno. "Hazimo."

Akanishika mkono, jambo ambalo hafanyi mchana, akanipeleka mpaka mbele ya Pijo, akafungua boneti, akaonyesha kushoto. "Kushoto iko hapa." Akaonyesha kulia. "Kulia iko hapa."

Kisigino kimetoa duara moja, mbele ya wayo duara la pili, mpira mlaini wenye kitambaa ndani. Soli mbili mbili. Lukasi amezipanga ndani ya kikombe, akaweka beringi ya Abdulrahmani, akafunga. Mzee mwenyewe alisimamia kwamba ya kushoto iende kushoto. Lukasi alimwambia haina tofauti. Akajibu, "Kwangu ipo."

Nikamwambia akanawe, anachafua nyumba.

Violeth analia kwenye daftari. Futa, usiloweshe ukurasa.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Baada ya misa nimepanda na sufuria. Mpaka korongoni na kurudi. Gari limenyamaza. Shimo unaliona linakuja, unajikaza, halafu linapita chini yako na hujui limekwenda wapi. Nimerudi nyumbani nimeonyesha watu: matone matatu tu kwenye kanga. Maziwa yaliyobaki tumekunywa pale pale uani, Lukasi, mzee na mimi, tukapokezana sufuria.

Qamara anasema Alhamisi Kuu atakwenda kuoshwa miguu kama alivyo, itamrahisishia padre kazi. Tangu jana anaisugua kwa jiwe. Jumanne baada ya Pasaka tutampeleka Violeth taratibu, mchana, kukiwa kumekauka kidogo.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili. Katesh

Kalamu sasa anayo Baba Hhando. Yeye alifika darasa la nne, mwandiko wake kama kuku amepita kwenye unga, lakini mwandishi wangu yuko kitandani kwa haki safari hii. Andika, mzee, na usiruke maneno.

Jana asubuhi nilikuwa nakamua. Violeth akaniita, sauti ndogo. Nilipoingia niliona shuka. Sikupiga kelele. Nilisema, "Lala hivyo hivyo," nikatoka nje, nikamkuta mzee ameketi kwenye kigoda ameshatoa kanzu nyeupe ya kanisani, ameshaosha miguu, anaikausha. Mmoja wa wale kumi na wawili wa padre. Aliniangalia tu usoni, akaiweka kanzu juu ya uzio na kuchukua ufunguo.

Sasa niseme jambo ambalo sikuweza kulisema kwenye daftari hili. Ile Jumanne niliyosema "andika mvua", niliona doa kwenye kanga yake. Dogo, likakauka. Tangu siku hiyo nilikuwa naogopa, naogopa nikila, naogopa nikikamua, na kila nilipotaka kutua mzigo huo, mwenye kalamu ndiye niliyekuwa namwogopea. Kwa hiyo nilisema mahindi, nilisema mvua.

Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu, pale pale ilipokaa sufuria. Mvua ya usiku ilikuwa imechimba njia upya. Qamara aliendesha miguu mitupu. Nilikuwa namwona kwa nyuma, shingo yake ile nyembamba, na nikasikia anaongea na gari kwa Kiiraqw, taratibu, maneno ambayo huwaambia ng'ombe wanaozaa. Miaka yote nilidhani anaongea na gari kwa kuwa analipenda. Jana nimeelewa alikuwa analiomba.

Korongoni maji yalikuwa magotini. Alishuka, akaingia kupapasa njia kwa nyayo, jiwe kwa jiwe, akarudi, akavuka pale pale alipokanyaga. Mimi nilifumba macho nikisubiri go! Haikuja. Violeth akafungua macho akasema, "Bibi, tumesimama?" Nikamwambia hapana mwanangu, tunakwenda. Tulikuwa katikati ya korongo.

Damu kwenye kanga niliyomwekea haikuongezeka sana. Nilikuwa naitazama kila baada ya shimo kama nilivyotazama maziwa.

Hospitali walimpokea na kitanda cha magurudumu, wakamwingiza, mlango ukafungwa. Na mimi mikono yangu haikuwa na kazi tena. Nikaona miguu ya huyu mzee. Tope mpaka juu ya kifundo, damu kidogo kwenye kidole alipojigonga kwenye jiwe. Nikakumbuka saa ile padre anajifunga kitaulo Masakta, na kiti kimoja kitupu.

Nikamvuta mpaka kwenye bomba nyuma ya wodi. "Kaa hapa."

"Mama Hhando, watu wanaona."

"Waone. Lete mguu."

Nikamwosha. Padre huosha miguu iliyokwisha kusuguliwa nyumbani, na maji anamwagia juu juu. Hii ilikuwa na tope la kweli. Nilichokonoa kwenye vidole, nilisugua kisigino. Nilimaliza wa kulia, nikashika wa kushoto, nesi akatokeza dirishani anaita, "Ndugu wa Violeth! Njooni!"

Tulikimbia. Mzee aliingia wodini mguu mmoja mweupe, mwingine mweusi, akaacha alama za upande mmoja kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Nesi akafoka, "Baba, viatu viko wapi?"

Akajibu, "Viko kwenye gari."

Ni mtoto wa kike. Mdogo, mkali, analia kama mimi. Mama yake mzima. Kafungua macho, kitu cha kwanza ananiuliza, "Bibi, umeandika?"

Lukasi kanipigia, anasema aitwe Pijo. Nimemwambia nikirudi nitamchapa.

Nikampigia Abdulrahmani. Alipopokea tu akaanza, "Shikamoo ma..." nikamkatiza. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Mtoto mzima! Mama mzima! Vya mbele vimekaa!" Kisha nikavuta pumzi, nikasema, "Haya sasa, marahaba. Mguu wa mama yako?" Vocha ikaisha, na haikuniuma.

Jioni nilimrudisha mzee kwenye bomba nikamalizia wa kushoto. Andika hilo, Baba Hhando. Andika kwamba nilikusema vibaya kwenye daftari hili, kuhusu gari, kuhusu orijino, na kwamba nayarudisha maneno hayo yote isipokuwa lile la kufuta kiti kwanza. Andika kwamba ni mume mwema. Mbona umesimama? Andika!

Ameandika. Tia tarehe, tufunge.

Mimi Qamara naongeza langu moja, kwa kuwa yeye hasomi. Maji ya lile bomba yalikuwa ya baridi sana. Mikono yake haikuwa ya baridi. Gari nililinunua mwaka ule kwa sababu yeye alimbeba Hhando mgongoni kwa miguu mpaka Katesh, mtoto ana homa, na mimi niliapa hatatembea tena njia ile. Sijawahi kumwambia.

Ananiuliza ninaandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia ni tarehe.